Breki ya Diski kwa Fremu ya Zamani

Watu wa baiskeli wana neno moja linalonichosha: haiwezekani. Fremu ya zamani haiwekwi breki ya diski, haiwezekani. Ni neno la mtu ambaye hajawahi kushika welda mkononi. Mimi niliacha shule darasa la sita, na leo ukipita mtaa wa Kahawa Sukari ukaona geti lenye maua ya chuma yaliyokunjwa vizuri hata huoni mahali yalipoungwa, hilo ni langu, au limeigwa kutoka kwa langu. Nyumba ninayolala Mwihoko niliijenga kwa moto huo huo. Kwa hivyo mtu akiniambia chuma hakiwezi kushikana na chuma kingine, mimi humwangalia tu.

Ninaandika haya kwa sababu mke wangu huwasimulia wageni vibaya. Huanzia mahali anapopapenda yeye, na akimaliza chai imepoa na mimi nimekuwa mjinga. Wacha nianzie mwanzo.

Baiskeli ni ya milima, ya mtumba, fremu ya chuma ya rangi ya zambarau. Kabla sijapata hata mkokoteni, ndiyo iliyobeba rodi zangu za kuchomelea na msumeno kutoka Ruiru hadi kila mjengo ulionikubali. Breki zake ni zile za kizamani, mipira miwili inayobana rimu kila upande. Wakati wangu zilitosha. Nilikuwa kijana mwembamba na barabara zilikuwa tupu.

Sasa, kifungua mimba wangu ni msichana, na ana jina la mama yangu, kama desturi yetu Wakikuyu inavyotaka. Tangu akiwa mchanga namwita mami. Huyu mami alimaliza masomo yake ya mifugo, akakaa nyumbani mwaka mzima akituma barua, mwishowe akapata kazi ya kupima maziwa ya wakulima kwenye ile migongo ya vilima juu ya Thika. Sharti moja: awe na usafiri wake. Pikipiki mama yake alikataa kabisa, kwa sababu ndugu yake alivunjwa nyonga na moja na hadi leo anatembea kama mlango uliotoka bawaba. Ikabaki baiskeli yangu.

Wiki mbili kabla ya kuanza kazi mami alienda kuizoea njia. Mvua ikamkuta kwenye mteremko mmoja wa udongo mwekundu unaoshuka mtoni. Tope likajaa kwenye rimu, akavuta breki zote mbili hadi vishikio vikagusa usukani, na baiskeli ikaendelea na safari yake kana kwamba haijaambiwa kitu. Chini ya huo mteremko kuna daraja la mbao lisilo na ukingo. Alichofanya ni kuitupa kando kwenye shamba la nepia la mtu na yeye akaangukia hapo hapo. Alirudi nyumbani goti limechubuka na hayo majani ya ng'ombe kwenye nywele.

"Huo mteremko uko kwa njia yako ya kila siku?" nikamuuliza.

"Kila asubuhi, dadi. Wakulima watano wako ng'ambo."

Mama yake alikuwa anapepeta maharagwe. Hakuinua kichwa. "Basi na ngoja aingie mtoni, ndio utajua breki imeisha."

"Breki haijaisha. Ni tope."

"Kwani tope litahama?"

Siwezi kueleza jinsi mwanamke anavyoweza kukukasirisha akiwa na ungo tu. Nikasema pale pale, mbele ya wote wawili, kwamba kabla ya Jumatatu ya kazi hiyo baiskeli itakuwa na breki ya diski, kama zile za pikipiki, na tope lisiweze kuigusa. Nikasema nitaiweka mwenyewe, kwa mkono wangu. Mami akafurahi. Hiyo ndiyo sehemu iliyonisumbua baadaye, kwamba alifurahi na akaamini.

Thika kuna mama mmoja anayeuza na kutengeneza baiskeli za mtumba, mwanamke wa umri wangu hivi, mfupi, ana mikono myeusi kwa girisi hadi kwenye kiwiko. Kibanda chake kimejaa magurudumu yaliyotundikwa kama samaki. Nilimkuta ameshikilia rimu mbele ya jicho akiizungusha. Nikamwambia baiskeli ni ya binti yangu, na ninachotaka ni hiki: gurudumu la nyuma lenye mahali pa diski, diski yenyewe, na kalipa, yaani kile kidude kinachobana diski.

"Fremu yako iko na masikio ya kushikia kalipa?" akauliza.

"Haina. Nitachomelea."

Akaiweka rimu chini. "Nyuma?"

"Nyuma."

"Mkubwa, wacha nyuma. Nikuuzie foki, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, iliyo na masikio tayari, ilitoka nayo kiwandani. Nyuma uache breki zako za mipira. Ya mbele ndiyo husimamisha."

"Ya mbele ndiyo hutupa mtu," nikasema. Kila mtu aliyekua kwa baiskeli katika hii nchi anajua hivyo. Tulipokuwa wadogo breki ya mbele tuliifungua kabisa tukaitupa, maana ilimpindua mtoto wa jirani akapoteza meno mawili. Fundi wa baiskeli asiyejua hilo alinishangaza.

"Hutupa mtu asiyejua kuivuta. Msichana wako atafundishwa kwa dakika kumi." Akapangusa mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. "Na hizo bomba za nyuma ni nyembamba, baba. Si za geti."

Hapo ndipo aliponikosea. Nilikuwa sijamwambia kwamba natengeneza mageti. Aliona tu viatu vyangu vilivyojaa matone ya moto, akaamua mimi ni mtu wa mageti tu. Nikamwambia nimeunga vyuma tangu kabla yeye hajajua panchi ni nini, na kwamba nilikuja kununua, sikuja darasani.

"Sawa," akasema. "Nitakuuzia. Lakini ikikataa, usije hapa ukasema diski yangu ni mbaya."

Nikabeba vitu vyangu nikaenda.

Kazi niliifanya kwenye karakana yangu Ruiru, kati ya mageti ya watu. Nilitarajia asubuhi moja. Kwanza gurudumu jipya lilikataa kuingia. Ekseli yake ilikuwa ndefu kuliko nafasi ya fremu, kwa unene wa penseli hivi. Nikaweka nati mbili kwenye chuma chenye nyuzi, nikapanua mikono ya nyuma ya fremu polepole kwa spana. Ilipanuka. Gurudumu likaingia, lakini likasimama upande, kama mtu anayesikiliza jirani akigombana. Ikawa mkono mmoja umefunguka kuliko mwenzake. Nikakunja, nikakunjua, nikapima kwa uzi kutoka kwa usukani hadi nyuma, nikakunja tena. Siku ikaisha.

Siku ya pili nikakata sikio la kalipa kutoka kwa bamba nene, kipande kizuri, nikakisugua hadi kikang'aa. Nilipogusa rodi kwenye ile bomba ya nyuma, ikatoboka. Shimo la kuingia kidole. Sijatoboa chuma tangu siku ninajifunza, na hapo nilikuwa na wateja wawili wakiangalia. Mmoja, mzee wa kanisa aliyekuja kuulizia geti lake kwa mara ya tatu, akasema kwa upole, "Labda moto ulikuwa mwingi." Nikamshukuru. Ndani yangu nilikuwa nataka kumchomelea kwenye kiti.

Nikaziba shimo. Nikapunguza moto, nikatumia rodi nyembamba, nikapiga nukta, nikangoja ipoe, nikapiga nyingine. Sikio likashika. Kisha kalipa ikakaa na diski ikaanza kusugua, shii, shii, shii, kila mzunguko. Nikaweka washa moja. Ikasugua upande wa pili. Nikatoa washa nikaisugua kwa tupa hadi ikawa nyembamba kama karatasi ya sigara, nikairudisha. Ikanyamaza, nikakaza bolti, ikaanza tena. Hiyo shii shii niliisikia hata nikiwa nimelala. Mageti hayana tabia hiyo. Geti likisugua unalipiga teke moja linaelewa.

Ilichukua wiki na siku mbili. Mzee wa kanisa aliacha kuulizia geti lake, sasa alikuwa anakuja kuulizia baiskeli.

Nikafikia siku ya kupima. Geti tunalipima hivi: ukishachomelea bawaba, unaning'inia juu yake, au unamwita mtu mnene aning'inie. Likikubali uzito bila kulia, limeiva. Hakuna fundi wa Ruiru atakayekupa geti ambalo halijaning'iniwa. Nikaifunga baiskeli kwenye stendi, nikapitisha kamba kwenye lile sikio, nikaning'iniza mfuko mzima wa saruji. Watu wakaja kuona. Muuza chai aliacha birika. Mfuko ukaning'inia hapo tangu saa nne hadi saa saba na sikio halikusogea hata unywele. Chini yake nilikuwa nimechomelea kitegemeo cha pembe tatu, kama ninavyofanya kwa geti la lori, ili hata ukiongeza mfuko wa pili lisishuke.

Muuza chai akasema, "Hiyo sasa inasimamisha treni."

Nilikubaliana naye. Nikamfikiria yule mama wa Thika na foki yake.

Jumamosi, siku mbili kabla ya kazi, nikaipeleka Thika kwa gari la rafiki, maana mami alikuwa ameshahamia chumba huko. Mama yake alikuwa naye, akimpangia vyombo. Nikaitoa baiskeli, nikaipangusa, nikazungusha gurudumu la nyuma na kuvuta breki. Likasimama papo hapo. Nikarudia mara tatu, hata bila kuombwa.

Mami akachuchumaa akaangalia sikio. Ni mtoto wangu, huangalia kitu kwa muda. "Umeipanda?"

"Imebeba saruji tangu asubuhi hadi mchana."

"Lakini umeipanda, dadi?"

"Ya nini? Nimekwambia imebeba saruji."

"Saruji haishuki mteremko."

Mama yake akacheka, yupo mlangoni na sufuria. Mimi nikaona huu ni utovu wa heshima mdogo mdogo unaoletwa na masomo, nikasema twende huko kwenye mteremko, sasa hivi, nitaupanda na kuushuka mbele yao wote wawili na baadaye nisisikie swali lingine.

Tulienda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo ulikuwa mwekundu na unateleza kama sabuni ya kipande. Mami akaniomba nishuke nusu tu. Nikamwambia mtu hapimi breki nusu. Nilikuwa sijapanda baiskeli kwa miaka mingi na mwili wangu si ule wa wakati wa rodi na msumeno. Kiti kililalamika. Nikaachilia.

Mwanzo ulikuwa mtamu, siwezi kudanganya. Upepo, nepia pande zote mbili, watoto wa mtu wakisimama kutazama mzee anayeruka. Nilipofika mahali ambapo mami alianguka, daraja likaonekana. Nikavuta breki ya nyuma.

Ilishika. Nataka hilo lijulikane. Ilishika kwa nguvu, kama ilivyotakiwa, kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu nikasikia mlio ninaoujua vizuri kuliko sauti ya mama yangu, ule mlio wa chuma kilichochomelewa kikiachana. Sikio likang'oka upande wa chini, likapinduka kwenda juu, kalipa ikaingia kwenye spoku, na gurudumu lote likafunga kwa mara moja. Baiskeli ikageuka ubavu. Mimi nikaenda na tumbo, kisha na bega, kisha na tumbo tena. Nilikwama kwenye shina la mgomba, hatua kama kumi kabla ya mbao za daraja.

Nilipofungua macho mami alikuwa ananishika kichwa. Alikuwa ameshuka huo mteremko mbio na sandali zimebaki juu.

"Dadi. Dadi, sogeza miguu."

Nikaisogeza. Mkono wa kushoto uliuma lakini ulikuwa mzima. Nikaangalia pale tope lilipochorwa na mwili wangu, mstari mrefu hadi mgombani, kisha nikaangalia umbali uliobaki hadi mtoni. Mami ni mwepesi mara mbili kuliko mimi. Mgomba usingemkamata. Angekuwa Jumatatu asubuhi, peke yake, na vichupa vyake vya maziwa mgongoni.

Mke wangu alifika taratibu, kwa sababu ya viatu. Akanitazama, akaitazama baiskeli, akamtazama mtoto. Nilingoja neno. Alikuwa na haki ya kusema lolote. Akasema tu, "Huyu ndiye ungempandisha." Hakuongeza. Safari nzima ya kurudi hakuongeza, na ningependa angeongeza.

Nilikaa kwenye ngazi ya chumba cha mami nikiwa na hiyo fremu mapajani, na nikaanza kukasirika, kwanza na diski, kisha na mvua, kisha na yule aliyebuni baiskeli. Nililitazama sikio. Kitegemeo changu cha pembe tatu kilikuwa kizima kabisa. Hakikupata hata ufa. Kilikuwa kimekaa chini kikingoja uzito ushuke. Nikazungusha gurudumu kwa mkono, mbele, polepole, nikaweka kidole mahali kalipa ilipokuwa, nyuma ya ekseli. Na diski ikakisukuma kidole changu juu.

Juu. Nikarudia. Juu tena. Gurudumu likienda mbele, sehemu yake ya nyuma inapanda. Breki ikishika, inabebwa kwenda juu. Mimi nilikuwa nimeiimarisha isianguke chini, nikaipima kwa saruji kwenda chini, nikawaita watu waje waone isivyoanguka chini. Maisha yangu yote nimeshughulika na vitu vinavyotaka kuanguka. Geti linaanguka, paa linaanguka, ngazi inaanguka. Hiki kilitaka kupaa, na sikukiuliza.

Mtoto wa darasa la pili angezungusha gurudumu kwanza.

Mami akaja akaketi karibu nami na chai. "Jumatatu nitatembea," akasema. "Nikiamka saa kumi na moja naweza kuwafikia wote."

"Hutatembea."

"Watu wanatembea, dadi."

"Maziwa yatakuwa yameganda ukifika. Watakuachisha kazi kwa wiki moja." Nilijua hivyo na yeye alijua. Alikunywa chai yake. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa bega la pili kuniuma.

Jumapili nikamtafuta yule mama wa baiskeli. Kibanda kilikuwa kimefungwa, nikaelekezwa kwake, nikamkuta ndio anatoka kanisani, ana kitambaa cheupe kichwani na Biblia chini ya kwapa. Nilikuwa na fremu kwenye bega la kulia, na gurudumu lililokunjamana kama chapati mkono wa pili, ule unaouma. Akanitazama kutoka juu hadi chini, akaona plasta kwenye shavu.

"Diski yangu ni mbaya?" akauliza.

"Diski yako ni nzuri."

"Nani alianguka?"

"Mimi."

Akaihamishia Biblia kwapa la pili. "Afadhali."

Nikamweleza kila kitu, hata saruji. Kwenye saruji aliangalia pembeni, nikaona mabega yake yanatetemeka, lakini alijizuia kwa sababu ya Jumapili. Kisha nikasema kile ambacho sijawahi kumwambia fundi yeyote: "Nisaidie. Mtoto anaanza kazi kesho."

"Ningekusaidia wiki mbili zilizopita, ukiwa na shavu lako zima." Akafungua kitambaa kichwani akakikunja. "Twende."

Alifungua kibanda akiwa na nguo zake za kanisa, akavaa koti refu la karakana juu yake. Foki ilikuwa bado ipo, na gurudumu la mbele linalolingana nayo. Akaitoa ile ya zamani, akapima shingo ya mpya, akaikata kwa urefu wa ile ya kwanza, akaiingiza na ikaingia kama mguu kwenye soksi. Kalipa nyingine akaifunga kwenye masikio ya kiwandani. Akazungusha. Kimya. Hakuna shii. Nilichukia huo ukimya kwa roho yangu yote. Wiki na siku mbili nimepigana na hiyo sauti.

"Sasa nyuma," akasema, akiangalia bomba iliyopinda na kidonda ambapo sikio langu lilikuwa. "Hapa mimi siwezi. Hii fremu ilikuwa ya kutupa. Lakini wewe si unajua vyuma?"

Sijui kama alikuwa ananidhihaki. Nikaamua hapana. Nikakata mabaki yangu kwa grainda, nikatoa kipande kibovu cha bomba chote, nikatafuta bomba nyembamba ya kuingia ndani kama mfupa, nikaziunganisha ncha zote mbili juu yake. Na sikutumia umeme. Kwa jirani yake kulikuwa na mtungi wa gesi, nikaunga kwa shaba, moto mdogo, polepole, kama alivyonifundisha mzee aliyenipa kazi ya kwanza, kazi ambayo mageti yalikuwa yamenisahaulisha. Nikairudisha mikono ya nyuma kwenye upana wake wa zamani. Gurudumu la zamani la nyuma, nililoagiza liletwe kutoka karakana yangu pamoja na breki zake, likaingia likasimama wima. Breki za mipira zikarudi mahali pake, nazo shukuru Mungu nilikuwa sijazikatia vishikilio vyake, ingawa grainda ilikuwa mkononi siku ile na nilitamani.

Yule mama akainama akapitisha kucha kwenye maungio. Kucha haikukwama popote.

"Hii," akasema, "hii ni kazi."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Nilisema ahsante.

Kisha akaniambia niigeuze na kuisukuma juu, kwa nguvu zangu zote, nyuma na mbele, kila upande ambao gurudumu linaweza kuwaza. Nikasukuma hadi bega likapiga kelele. Yeye naye akasukuma, na koti lake. Halafu akaenda hadi chumbani kwa mami akamfundisha kuvuta breki ya mbele: vidole viwili, kidogo kidogo, makalio yarudi nyuma ya kiti. Ilichukua dakika kumi kamili. Nilihesabu.

Jumatatu nikaenda juu ya ule mteremko kabla yake. Mama yake alikuwa amenikataza, akasema nitamtia mtoto wasiwasi, na ni kweli. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Mami akafika na kofia yake na mkoba wa vichupa, akaniona nimesimama kando ya nepia, akatikisa kichwa.

"Dadi, uko hapa kufanya nini?"

"Napita tu."

"Unapita kwenda wapi?"

Sikuwa na pa kwenda. Akaachilia. Nilimwona akishuka, makalio nyuma kama alivyofundishwa, tope likiruka pande zote. Katikati ya mteremko, juu kidogo ya mahali nilipoanzia kuanguka, akavuta. Gurudumu la mbele likapunguza, kisha likapunguza zaidi, na akasimama. Akashusha mguu mmoja chini. Hakugeuka kuniangalia. Alikaa hivyo kidogo akiliangalia daraja, kisha akaachilia tena, akashuka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi za kanisa, akapita juu ya mbao na kupotelea kwenye mibuni ya ng'ambo.

Nilingoja pale robo saa, nikiwa nimelowa, nikimpigia simu. Hakushika. Nikapiga tena. Mara ya tatu akashika, nyuma yake ng'ombe analia na mwanamke anacheka.

"Breki imekuwaje?" nikauliza. "Haisugui? Ile ya nyuma, maungio, umeyaangalia?"

"Dadi," akasema, "niko kazini."

Akakata.